Daktari wa leba akienda kwenye utafiti, zamu anamwachia nani?

Mkunga anapotazama shuka lililolowa na kukadiria kwa macho mama amepoteza damu kiasi gani, mara nyingi hukosea, na hukosea kwa kupunguza. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulianzia hapo hapo. Katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, baadhi zilipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya mililita, unaowekwa chini ya mama akishajifungua. Damu ikigonga mstari wa 500, tiba zote zinaanza kwa mpigo: kukanda kizazi, dawa za kukikaza, dripu, dawa ya kugandisha damu, kukagua inakotoka. Waliopatwa na madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuizuia damu, au kufa kwa kuvuja damu, walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida.

Swali la namna hiyo, la jinsi ya kuipima damu badala ya kuikisia, huulizwa na mtu aliyewahi kusimama leba usiku. Ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka madaktari bingwa wa wanawake wafundishwe utafiti kwa kina, na naikubali. Angalia pia chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambaye ni daktari bingwa wa wanawake, na wenzake waliwafuatilia wasichana 2,275 nchini Kenya wakaonyesha kuwa dozi moja inakinga vizuri sana. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Msichana aliyekuwa arudi kwa sindano ya pili sasa harudi tena.

Lakini wanaopinga hawaongei hewani. Mwaka 1998 Marekani ilianzisha mpango wa kuwawezesha madaktari vijana wa uzazi kutumia robo tatu ya muda wao kwenye utafiti. Uhamishie mpango huo kama ulivyo kwenye hospitali ya mkoa yenye mabingwa wawili. Mmoja akiondoka karibu siku nne kati ya tano, anayebaki ndiye wa kliniki, wa upasuaji wa dharura na wa simu ya saa tisa usiku. Mama mwenye mtoto aliyekaa vibaya hawezi kusubiri matokeo ya utafiti.

Na kuna suala la fedha. Ruzuku nyingi hutoka nje, na mwenye ruzuku ana maswali yake. E-MOTIVE yenyewe iliratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwa fedha za taasisi ya Gates. Virusi vya Ukimwi vimepata wafadhili, na ni haki. Uvimbe wa kizazi, utasa, maumivu ya hedhi yanayomlaza mwanamke siku tatu kila mwezi, hayo yamepata kidogo mno, ingawa ndiyo yanayojaza benchi la kliniki.

Hata hivyo naona kosa letu kubwa liko karibu zaidi. Kila daktari anayesomea ubingwa huandika tasnifu. Anakusanya takwimu katikati ya zamu, anahangaika na programu ya kuchambulia wiki ya mwisho, anaitetea, kisha inapanda kwenye rafu ya maktaba. Akihitimu, hospitali inamhesabia vitanda tu. Hakuna nafasi ya ajira inayotambua kuwa ni tabibu na mtafiti pia. Anayependa utafiti huishia kuhamia mradi wa wafadhili moja kwa moja, na wodi inampoteza kabisa.

Kwa hiyo ningeanza na siku mbili za utafiti kwa wiki, si nne, zilizoandikwa kwenye mkataba wa ajira. Wakunga waingizwe kwenye mafunzo hayo hayo ya utafiti, maana ndio wanaouona mstari wa mfuko kabla ya daktari kufika. Na bajeti ya kila mpango wa mafunzo iwe na mshahara wa daktari wa pili, atakayeshika leba siku ambazo mwenzake yuko na takwimu.