Mstari wa Tope Ukutani

Mto Mathare ulipovunja kingo zake mwezi Aprili 2024, jijini Nairobi, maji yaliondoka na watu, nyumba za mabati na riziki, na siku chache baadaye serikali ikawaagiza wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, kisha matingatinga yakafuata. Kwamba vijana wa mtaa wa Mathare, ulio kando ya mto huo, wana la kusema kuhusu tabianchi, hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni kama michoro ya ukutani inayowahusisha, na ambayo mashirika huipenda sana, inalisema kweli.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Mwaka 2020, wakati wa korona, vijana wa kikundi cha Mathare Roots walichora maonyo kwenye kuta za mtaani, na ujumbe ukamfikia mpita njia asiye na bando wala televisheni, tena kutoka kwa watu anaowajua. Ukuta haudai kadi ya mwaliko kama ule ukumbi wa KICC, jumba kubwa la mikutano jijini, ulikofanyika Mkutano wa Tabianchi wa Afrika Septemba 2023.

Mashaka yangu yanaanzia kwenye nembo. Rangi ni ghali, kwa hiyo mfadhili huingia, na mchoro huishia kufanana na wenzake kila mahali: dunia inayodondosha chozi, viganja viwili vilivyobeba mche, nembo tatu pembeni. Ubaya wa mchoro wa namna hiyo ni kwamba haumdai mtu yeyote jibu. Mafuriko yale hayakuletwa na mvua peke yake. Mitaro iliyoziba, taka zisizozolewa na kingo za mto zilizojengwa nyumba vilichangia, na ukichora dunia inayolia unaihamishia lawama yote angani. Mwaka 2012 mwanaharakati na mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walichora katikati ya jiji mwanasiasa mwenye sura ya tumbusi, na hakuna aliyepita pale akauliza anayeshtakiwa ni nani.

Hata hivyo, siwezi kumwambia kijana asiye na fedha ya kopo moja la rangi akatae msaada, wala achore usiku akikimbizana na askari wa jiji. Ninachodai ni kwamba ukuta na maneno vichaguliwe na wenye mtaa kabla mfadhili hajaleta mchoro wake. Maji yakishuka, huacha ukutani mstari wa tope unaoonyesha yalifika kifuani au shingoni. Vijana wakiufuatisha kwa rangi ya buluu, wakaandika tarehe na jina la mtaro ulioziba, ofisi inayohusika na mtaro huo itakuwa imetajwa hadharani, na mfadhili wa kupokelewa ni yule atakayelipia mstari huo hata akiambiwa nembo yake haina nafasi.