Ncha Mbele, Soli Nyuma

Mimi sina ugomvi na binadamu. Nina ugomvi na viatu. Nina ndala, gidamu ya kushoto nimeifunga kwa waya, na nina viatu vyeusi vya ngozi vyenye ncha, vinang'aa hadi unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Ndala huu mwaka wa sita nazivuta kila siku. Vile vyeusi nimevivaa mara mbili tu. Sasa nadhani vilivyonitoboa mfuko mnavijua.

Kosa la kwanza, nilikwenda kununua asubuhi. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo niliujaribisha kiatu ukiwa haujaamka vizuri. Kosa la pili, nilimsikiliza muuzaji. "Kinabana kidogo," nikamwambia. "Kitatanuka tu kaka, hii ngozi halisi." Kweli, ngozi ilitanuka. Ya mguu wangu. Mguu una mifupa 26, na nilipovivaa mara ya kwanza kila mmoja ulijitambulisha kwa jina. Niliporudi jioni nilikuwa na malengelenge mapana kuliko soli.

Halafu hiyo ncha. Ni nani aliyewahi kuona mguu wenye ncha? Mwaka 1463 Uingereza, chini ya mfalme Edward wa Nne, ilitungwa sheria: kama wewe si bwana mkubwa, ncha ya kiatu chako isizidi inchi mbili. Mpaka wabunge waingilie kati, ujue hali ilikuwa mbaya. Mafundi wa leo wamesahau, au labda wananiona mimi bwana mkubwa.

Kwa mke wangu ndiyo usiseme. Ana viatu vya mchuchumio, kisigino chembamba kama msumari. Nikamweleza kwa upole kwamba visigino virefu vilivaliwa na wapanda farasi wa Uajemi, ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku cha tandiko, na baadaye Louis wa 14 wa Ufaransa akavipenda, akavitia rangi nyekundu. "Wewe farasi wako yuko wapi?" nikauliza. Siku hiyo chakula nilijipakulia mwenyewe.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba akienda kwenye sherehe na mchuchumio wake, ndani ya mkoba anaficha ndala. Yaani anajua! Anakwenda vitani na bendera nyeupe mkobani.

Msidhani waliovitengeneza wana amani. Kule Ujerumani, mji wa Herzogenaurach, Adolf na Rudolf Dassler, ndugu wa tumbo moja, walikosana wakagawana kiwanda. Mmoja akaanzisha Puma 1948, mwingine Adidas 1949. Mji mzima ukagawanyika, watu wakawa wanatazamana miguuni kwanza ndipo wasalimiane. Jirani yangu naye ana tabia hiyo hiyo, na hajawahi kutengeneza hata gidamu.

Basi vile vyeusi nikavitunza. Nikavifunga kwa karatasi laini, nikavirudisha kwenye boksi, nikaliweka juu ya kabati. Kila mwaka navichungulia, navipuliza, navirudisha. Vya harusi hivi, nasema.

Harusi ikaja, ya mtoto wa shemeji. Wimbo wa pili tu, nikahisi sakafu imekuwa baridi. Kutazama nyuma, nimeacha nyayo nyeusi ukumbi mzima, na nyayo zenyewe ni soli. Zilikuwa zinameguka kama biskuti iliyoloweshwa chai. Mtoto mmoja akaokota kipande akaniletea: "Babu, umedondosha." Babu! Juu yake kiatu kinang'aa vilevile, chini natembea na soksi.

Fundi viatu alivigeuza, akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mzee, hizi ni soli za poliyurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewa huzila polepole hata ukizifungia. Zimezeeka boksini." Kumbe miaka yote ile nilikuwa namtunza marehemu.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Usiku ule nilikuwa nimejibanza nyuma ya spika, mguu mmoja juu ya mwingine, mke wangu akaja anagonga sakafu na misumari yake, ko, ko, ko. Hakusema neno. Alifungua mkoba, akanitupia ndala. Za waridi, zenye ua juu.

Zilinitosha kabisa.