La Cour na hidrojeni ya Askov: alipoteza muda wake au la?

Kila ikija mada ya nishati mbadala lazima watu wagawanyike, kuna wanaosema hidrojeni ndo mafuta ya kesho na kuna wanaosema ni mradi wa kulia hela za wafadhili tu, na vijana waliomaliza fizikia wanabaki katikati hawajui kama wajitose huko au wakatafute kazi kwenye betri na sola. Mimi nikiusikia huo ubishi namkumbuka mzee mmoja wa Denmark, Poul la Cour, maana yeye alikutana nao zaidi ya miaka 120 iliyopita, na akauonja pande zote mbili.

Huyu bwana alizaliwa 1846, akasomea fizikia na mambo ya hali ya hewa, akapata cheo kizuri tu kwenye taasisi ya hali ya hewa pale Copenhagen huku pembeni akihangaika na uvumbuzi wa telegrafu. Kazi ya namna hiyo mtu haachi hivi hivi. Yeye 1878 akaiacha, akaenda kijijini Askov, Jutland, kufundisha kwenye shule ya vijana wa wakulima. 1891 serikali ikampa hela akajenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme, na hapo hapo akagongana na swali ambalo mpaka leo halijaisha: upepo ukilala unafanyaje?

Betri zilikuwepo, zile za risasi na asidi, ila bei yake ilikuwa haishikiki. Akaamua kutumia maji. Umeme wa kinu unapita kwenye maji, maji yanavunjika kuwa hidrojeni na oksijeni, hidrojeni inaingia kwenye tangi la mita za ujazo 12, usiku inakwenda kwa bomba mpaka kwenye taa za shule. Kuanzia 1895 hadi 1902 shule ya Askov ilipata mwanga kwa njia hiyo, kwa hiyo msitake kuambiwa hidrojeni ya kijani, yaani ile inayotengenezwa kwa umeme wa upepo, jua na kadhalika, ni kitu kipya cha juzi. Ila hebu piga hesabu ya lile tangi. Mita moja ya ujazo ya hidrojeni isiyobanwa ina joto la kama kilowati-saa 3, sasa tangi zima likijaa ni 36 hivi, na hapo ni joto, sio umeme. Leo hizo ni betri tatu za ukutani za nyumbani, zile kubwa kubwa.

Halafu kuna ishu ya madirisha. Oksijeni kidogo ilikuwa inajipenyeza kwenye hidrojeni, gesi inalipuka, na vioo vya majengo ya shule vikabadilishwa zaidi ya mara moja. Watu wanaipenda hiyo stori kwa kucheka lakini mimi naona ndo sehemu yenye somo kuliko zote, kwa sababu hidrojeni inashika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa mpaka asilimia 75, na mitambo mingi ya leo ya kuvunja maji bado ina ugonjwa wa familia hiyo hiyo: umeme ukishuka, gesi mbili zinaanza kuchanganyikana ndani ya mtambo mpaka inabidi uzimwe. Na umeme wa upepo kushuka ni kawaida yake. Yaani ukiunganisha kinu cha upepo na mtambo wa hidrojeni umeoa tatizo moja na lingine, na mwanafizikia anayelitatua hilo hajakosa kazi.

Sasa wanaoipinga wana hoja nzito na ni ya namba. Kutengeneza kilo moja ya hidrojeni unakula umeme kama kilowati-saa 55. Kilo hiyo ina nishati 33. Ukiirudisha kuwa umeme kwa seli ya hidrojeni unapata 17 mpaka 20, na bado hujahesabu umeme wa kuibana gesi. Ule ule umeme wa 55 ukiuweka kwenye betri ya lithiamu unatoa 47 au 48. Kwa kazi ya kuhifadhi sola ya mchana uitumie usiku hapo hakuna mechi, tusidanganyane. Na Wadenmark wenyewe walishapiga kura kwa vitendo: vinu vidogo vilivyoenea vijijini baada ya Askov vilifanya kazi na betri, na baadaye walipokuwa na upepo mwingi zaidi walitegemea nyaya zinazopita chini ya bahari mpaka Norway, upepo ukizidi wanawauzia, ukipungua wananunua umeme wa mabwawa ya kule. Leo zaidi ya nusu ya umeme wao ni wa upepo na sio hidrojeni iliyowafikisha hapo.

Lakini wapinzani nao wana tabia ya kukata stori katikati. Betri inakuvusha usiku, haikuvushi miezi mitatu ya baridi isiyo na jua. Kule Teesside, Uingereza, hidrojeni imehifadhiwa kwenye mapango ya chumvi ardhini tangu miaka ya 1970, kwa ajili ya viwanda, na pango moja linabeba nishati ambayo kuijaza kwenye betri ungefilisika. Tena kuna kazi ambazo hidrojeni sio betri kabisa, ni malighafi. Mbolea kwa mfano. Tani moja ya amonia, ambayo ndo inayotengenezewa mbolea, inataka kilo kama 176 za hidrojeni, na hidrojeni hiyo duniani kwa sehemu kubwa inatoka kwenye gesi asilia na makaa, ambapo ile ya gesi kila kilo inaacha kilo 9 au 10 za kaboni dioksaidi hewani. Hapo betri ya lithiamu inakusaidia nini? Huwezi kupanda mahindi kwa betri.

Nikirudi kwa la Cour, swali la kwamba alipoteza muda mimi nalijibu hapana, ingawa gesi yenyewe ilimshinda. Ili avunje maji vizuri alihitaji umeme usioruka ruka, akabuni kifaa cha kapi na uzito unaoning'inia, akakiita kratostati, kinachotuliza nguvu ya kinu, na hicho kikaingia kwenye vinu vya kawaida. Akayapima mabawa kwenye bomba la kupuliziwa upepo akaona mabawa machache yanayozunguka kasi yanashinda mengi. 1904 akaanza kufundisha mafundi umeme wa vijijini, na mmoja wa wanafunzi wake, Johannes Juul, ndo aliyekuja kusimamisha mtambo wa upepo wa Gedser, Denmark, wa kilowati 200 mwaka 1957. Kufikia 1918, miaka 10 baada ya la Cour kufariki, mashirika 120 hivi ya umeme vijijini yalikuwa na vinu. Mtu anaweza kusema hayo yote angeyapata bila hidrojeni, na sibishi sana, mabawa angeyapata, mafundi angewafundisha. Kratostati sidhani.

Kwa huku kwetu mjadala umefika, Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani Septemba 2023, na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, unaozalisha umeme, usiku mahitaji yakishuka kuna saa unaachiwa tu upotee. Ukisikia hivyo unasema basi, tengeneza amonia, mbolea tunaagiza nje kila msimu. Wazo ni zuri na mimi naliunga mkono kuliko magari ya hidrojeni, ila jioni hiyo hiyo Kenya inanunua umeme Ethiopia, kwa hiyo ziada ni ya saa chache za usiku, na mtambo wa kuvunja maji ni wa bei kali, ukiuwasha saa sita ukaulaza kumi na nane, mbolea yake itakuwa ghali kuliko ya meli. Lazima ujengewe umeme wake wa mchana pia. Kijana wa fizikia akiitwa kwenye usaili wa mradi wa namna hiyo, kabla ya mshahara aulize mtambo utafanya kazi saa ngapi kwa siku na nani amesaini kununua amonia. Wakianza kumung'unya maneno, kampuni za betri nazo zinaajiri.