Futari ya Makoroboi

Ramadhani ile nilikuwa kidato cha kwanza, na wiki hiyohiyo mwalimu wa Kiingereza alitufundisha kwamba "breakfast" maana yake hasa ni kuvunja mfungo. Nikatoka darasani na neno jipya kibindoni: "fast", mfungo. Balaa lilianzia hapo.

Shangazi alivuka na kivuko cha Kamanga akitokea Sengerema, swaumu mdomoni, kikapu cha viazi vitamu mkononi. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo mwenyeji mimi. Tulizunguka mjini hadi jua likaanza kuzamia ziwani.

"Baba, tutafuturu wapi?"

Tulikuwa Makoroboi. Mbele yetu kibao, herufi nyekundu: FAST FOOD.

"Hapahapa shangazi! Chakula cha mfungo!"

"Mashallah. Mwanza mmeendelea, mpaka kibao mmeweka."

Adhana ya magharibi ikalia, akafungua kwa maji. "Binti, tuletee tende, uji wa pilipili manga, na magimbi ya nazi."

Dada akatukodolea macho. "Mama, kuna chipsi kavu, chipsi mayai na chipsi kuku."

Shangazi akanigeukia. Nikakaza uso: "Ndiyo futari ya kizungu hiyo."

Akaagiza chipsi kuku. Tukasubiri. Nikichungulia jikoni, kijana ndiyo kwanza anamenya viazi. Tukiuliza, mara mafuta yanapata moto, mara mkaa umelowa. Shangazi akachovya kijiti cha meno kwenye tomato sosi, akalamba. Mwishowe akachomoa kiazi kimoja kikapuni, akakifuta kwa khanga, akakitafuna kibichi.

Kwamba "fast" ni haraka pia, nilikuja kulijua baadaye, nikasoma na habari za wale ndugu wawili wa McDonald kule San Bernardino, California. Mwaka 1948 walilipanga upya jiko lao: menyu fupi, kila mtu na kazi yake moja, hambaga inatoka chapuchapu kwa senti 15. Wenzetu wa Makoroboi walichukua jina, jiko wakaliacha hukohuko Marekani.

Sahani zilifika adhana ya isha ikilia. Shangazi akazitazama, akanitazama, akavuta ya kwake.

"Nilidhani umenidanganya, baba. Kumbe kweli, hapa watu wanafungishwa."