Betri ya mAh 7,000 ndani ya simu nyembamba: tunapata nini, tunatoa nini

Galaxy S20 Ultra ya Samsung ilitoka mwaka 2020 na betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Galaxy S25 Ultra ya mwaka 2025 nayo ina mAh 5,000 zilezile. Kamera zimebadilika, chipu zimebadilika, betri imebaki palepale. Wakati huohuo Honor ilitoa Magic5 Pro nchini China mwaka 2023 ikiwa na mAh 5,450, na mwaka 2025 Honor Power ikaja na mAh 8,000 katika umbo lisilofika unene wa milimita 8. Siri ni silikoni iliyochanganywa ndani ya betri, na ubishi uliopo ni kama wanaoikwepa wamelala au kuna jambo wanalolijua.

Kiini cha mambo ni anodi, upande wa betri unaoshika litiamu simu ikiwa imechajiwa. Kwa kawaida anodi ni grafiti, ambamo atomi 6 za kaboni hubeba atomi 1 ya litiamu. Kwenye silikoni, atomi 4 hubeba 15. Gramu moja ya grafiti haivuki mAh 372. Ya silikoni, kinadharia, inapita mAh 3,500. Kwa hiyo hata ukichanganya silikoni kidogo tu kwenye kaboni, anodi inakuwa nyembamba na nafasi inayobaki inajazwa tabaka nyingine za betri.

Ubaya wake ni kwamba silikoni ikishiba litiamu hufura hadi mara tatu au nne ya ukubwa wake, wakati grafiti hutanuka kwa asilimia 10 hivi. Chembe inayofura na kusinyaa namna hiyo kila siku hupasuka. Juu ya anodi kuna utando mwembamba unaojijenga kwenye chaji za mwanzo, na ndio unaoitenga na elektroliti, kimiminika kinachopitisha litiamu ndani ya betri. Chembe ikipasuka, uso mpya unakuwa wazi, utando mwingine unajengwa, na litiamu iliyoingia kwenye utando huo hairudi kazini. Elektroliti inaliwa, gesi inatoka, pakiti inavimba. Dawa iliyopatikana ni kuitia silikoni ndani ya vitundu vya kaboni vyenye nafasi ya kutanukia. Inasaidia sana, ila haiponyi kabisa.

Wanaoipinga husimama hapo: betri hii itachoka mapema. Lakini wengi wao husahau kupiga hesabu. Chukua mtu anayetumia mAh 4,000 kwa siku. Mwenye betri ya 5,000 anamaliza mizunguko 292 kwa mwaka. Mwenye 7,000 anamaliza 209 tu, kwa kuwa mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata ukiigawa kwa siku mbili. Mizunguko 800 itamchukua wa kwanza miaka 2 na miezi 9, wa pili karibu miaka 3 na miezi 10. Na betri ya 7,000 ikishuka hadi asilimia 75 bado ina mAh 5,250, zaidi ya ile nyingine ilipotoka kwenye boksi. Kwa upande wa uwezo peke yake, silikoni inashinda hata ikizeeka vibaya kidogo.

Kuvimba ndiko kwenye shaka halisi. Simu nyembamba haina pa kuficha hata nusu milimita. Betri ikianza kuumuka husukuma kioo au kava la nyuma, gundi inaachia, na kinga ya maji inakwisha kabla betri yenyewe haijafa. Ukitaka kukagua, ilaze simu kifudifudi juu ya kitu bapa na uizungushe kwa kidole: ikizunguka kama pia, kioo kimebinuka. Kisha mulika tochi ubavuni. Mwanga ukipenya kati ya kioo na fremu, izime na uipeleke kwa fundi. Usiibonyeze irudi, na usiitoboe ili itoe hewa. Gesi iliyomo inawaka.

Nafasi ndani ya simu si jambo la kubahatisha. Galaxy Note7 ya mwaka 2016 ilitumia grafiti ya kawaida, na bado ilirudishwa kiwandani duniani kote: betri za msambazaji mmoja zilibanwa kwenye kona, na za mwingine zilikuwa na kasoro za uchomeleaji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo tahadhari ya Samsung haishangazi.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi: mAh zote hazilingani. Betri ya grafiti hushikilia volti vizuri kisha hudondoka ghafla karibu na 3.4, na simu nyingi huzimwa hapo. Yenye silikoni huteremka polepole, na sehemu ya chaji yake hutoka chini ya volti hizo, hivyo simu lazima iwe imeundwa kushuka kuelekea volti 3. mAh 100 zinazotoka kwenye volti 3.9 ni wati-saa 0.39, zikitoka kwenye 3.2 ni 0.32. Kwa hiyo linganisha wati-saa (Wh), ambayo huchapishwa kwenye betri na mara nyingi kwenye vipimo vya simu, badala ya mAh. Volti hizo za chini pia ndizo chanzo kimojawapo cha simu kuzimika ikiwa asilimia 6: ukiwasha kamera na flashi, mkondo unapanda, volti zinazama, saketi ya ulinzi inakata.

Wh hizohizo zinaeleza kwa nini simu ileile hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kanuni za kusafirisha bidhaa hatari hulegeza masharti kwa seli ya litiamu, yaani kipande kimoja cha betri, isiyozidi Wh 20. Seli ya mAh 5,150 yenye wastani wa volti 3.87 ni Wh 19.9. Nothing Phone (3) ina mAh 5,500 nchini India na 5,150 kwingineko, na ukipiga hesabu unaona mpaka uko wapi. Njia ya kuukwepa ni kugawa betri iwe seli mbili, lakini kila seli ina kingo na viunganishi vyake, na hivyo hula nafasi ileile silikoni iliyookoa. Abiria hana haja ya kuhofu, maana mpaka wake kwenye ndege ni Wh 100.

Kwa anayenunua simu ya silikoni, tabia moja ina uzito kuliko nyingine: usimalize chaji hadi sifuri. Kwenye mchanganyiko wa grafiti na silikoni, grafiti hutoa litiamu yake kwanza na silikoni hutoa mwishoni, hivyo asilimia za chini ndizo zinazoifurisha na kuisinyaza silikoni zaidi. Chomeka ikifika 20. Kuweka kikomo cha asilimia 80 kwenye mipangilio bado kunafaa, hasa simu ikilala kwenye chaji usiku kucha, na joto linabaki adui wa aina zote mbili: vua kava ikiwa unachaji kwa kasi huku unacheza gemu.

Huu ndio uamuzi wangu: anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili au mitatu achukue ya silikoni bila kusita. Anayetaka kukaa nayo miaka sita aulize kwanza kama betri ya kubadilishia ya modeli hiyohiyo inapatikana. Seli inayofanana kwa umbo tu haitoshi, kwa sababu simu huchaji hadi volti ilizopangiwa, na seli yenye kikomo cha chini itajazwa kupita kiasi. Baada ya hapo aangalie lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya, inayowekwa kwenye simu zinazouzwa huko tangu Juni 20, 2025. Inataja mizunguko ambayo betri huhimili kabla ya kushuka chini ya asilimia 80. Simu mbili zenye mAh 7,000 zinaweza kutofautiana sana hapo.