Riwaya za msaada kwa kidato cha kwanza: mabishano yanayoanza picha zikishapigwa

Siku hizi si ajabu kukuta shule ya kata, Igoma au Buhongwa huko Mwanza, ikipokea katoni za riwaya kutoka Marekani au Uingereza. Mkuu wa shule anashukuru, afisa elimu anashukuru, wanafunzi wanapiga makofi, picha zinapigwa. Mabishano huanza wageni wakishaondoka. Wapo walimu wanaoamini kwamba riwaya hizo ndizo zitakazomfanya mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili apende kusoma. Wapo wanaoziona ni mzigo uliokosa rafu ulikotoka, ukatafutiwa pa kushushwa. Nikiwasikiliza naona kila upande umeshika ukweli fulani, ila wote wanagombania asili ya kitabu wakati swali lenyewe ni nani alikichagua na mtoto atakisoma saa ngapi.

Watetezi wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Januari anaingia sekondari, na isipokuwa somo la Kiswahili, karibu kila kitu kinageuka Kiingereza: baiolojia, jiografia, hesabu. Anapewa wiki chache za kozi ya kumzoesha lugha, kisha gari linaondoka. Kiingereza anachokutana nacho ni cha ubaoni na cha kwenye mtihani. Nyumbani hakipo. Maktaba ya mkoa iko mjini, na mtoto wa Kisesa lazima apande daladala kuifikia. Ukiingia duka la vitabu, sehemu kubwa ya rafu ni vitabu vya kiada, madaftari na maswali ya mitihani iliyopita. Katika hali hiyo, riwaya ya bure si anasa hata kidogo.

Tena wana ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walijaza vitabu vya hadithi vya Kiingereza katika madarasa ya shule za msingi za vijijini huko Fiji, visiwa ambako Kiingereza ni lugha ya pili kama ilivyo kwetu. Watoto walijisomea kimya kimya, au wakasoma pamoja na mwalimu, kila siku. Matokeo yaliyochapishwa 1983 yalionyesha kwamba walipiga hatua katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na ufundishaji wa kawaida, na mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye kuandika na sarufi. Hakuna aliyewafundisha sarufi ya ziada. Walisoma hadithi tu.

Sasa rudi huku kwetu, uvuke Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990, Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, shirika moja liligawa vitabu kwa shule za msingi, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia kilichotokea. (Kremer ndiye aliyekuja kushiriki tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.) Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Sababu kubwa waliyoitaja ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na wengi wao hawakuweza kuvisoma. Ni kweli vile vilikuwa vitabu vya kiada, si riwaya, na mtu makini hatahamisha matokeo hayo kama yalivyo. Lakini mwalimu yeyote wa Kiingereza wa kidato cha pili atakwambia anakifahamu kisa hicho bila kusoma utafiti wowote: unaleta vitabu arobaini, wanavisoma wanne, na hao wanne wangesoma hata karatasi ya kufungia vitumbua.

Tofauti ya Fiji na Busia utaiona ukipekua katoni yenyewe. Niliwahi kukaa na mwalimu mmoja sakafuni kwenye stoo ya shule tukizichambua. Kulikuwa na kitabu cha nne cha mfululizo fulani. Cha kwanza hadi cha tatu havikuwemo. Riwaya ya timu ya magongo ya kwenye barafu. Riwaya nene ya mapenzi ya watu wazima, ambayo mwalimu aliigeuza jalada chini haraka. Nyingi zilikuwa na mhuri wa maktaba ya huko, na juu yake mhuri mwingine unaosema kitabu kimeondolewa. Tulifungua mojawapo ukurasa wa kwanza: mtoto anabishana na mwenzake kwenye korido ya shule, utani juu ya utani, maneno ya mtaani ya mji nisioujua, na sentensi zilizokatwa nusu kama watu wanavyoongea. Mwalimu akasoma aya mbili kwa sauti, akacheka mwenyewe, akakiweka pembeni. “Hiki hata mimi kinanitoa jasho,” akasema. Chini kabisa kulikuwa na vitabu vyembamba sita vya hadithi za upelelezi, vya Kiingereza rahisi, vilivyoandikwa mahsusi kwa wanaojifunza lugha. Hivyo sita ndivyo vilivyopelekwa darasani.

Hapa natofautiana na wakosoaji. Hoja yao wanayoipenda zaidi ni kwamba mtoto wa Mwanza hawezi kufuatilia hadithi ya theluji kwa sababu hajapata kuiona. Sikubaliani. Mtoto huyo huyo anajua nani anachezea Arsenal na kwa nini kocha amemweka benchi. Jioni anakaa na dada zake wakitazama tamthilia ya Kituruki, analia na mama mkwe asiyemjua, katika mji ambao hajaukanyaga. Ugeni haujamzuia popote. Ila tazama: tamthilia ile imeingizwa sauti za Kiswahili. Kinachomshinda kwenye riwaya ya magongo ni sentensi, barafu anaimudu. Ukimpa hadithi ya barafu kwa Kiingereza anachokimudu ataisoma. Ukimpa hadithi ya mwalo wa samaki wa Kirumba, hapa hapa Mwanza, kwa Kiingereza kigumu ataiacha vilevile.

Kuna hofu nyingine ambayo wahisani hawaijui. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa maelezo kwamba vinakiuka maadili, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ambao watoto wa umri huu huko Marekani wanaufakamia. Uamuzi ule mtu anaweza kuuunga mkono au kuupinga. Athari yake kwa mkuu wa shule ni rahisi kuielewa: ana katoni ya riwaya mia mbili ambazo hakuna aliyezisoma, na ikipatikana moja yenye jambo, atakayejieleza ni yeye. Njia salama ni kufunga kabati. Mhisani akija mwaka unaofuata anakuta vitabu vizuri, vimepangwa, havina hata kidole cha vumbi la chaki, na anafurahi kwamba vimetunzwa.

Wakosoaji wakiacha theluji wakazungumzia fasihi yetu, nakaa upande wao bila kusita. Ukipanda meli bandari ya Mwanza unashuka Nansio, Ukerewe. Kisiwa hicho kimoja ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa ya Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri mpaka 1980 ilipochapishwa kwa Kiswahili. Ndiko alikotoka Euphrase Kezilahabi, na Gabriel Ruhumbika pia. Buchosa, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, wamemtoa Eric Shigongo, ambaye hadithi zake za magazetini zilifanya watu wasubiri toleo la wiki kama wanavyosubiri mechi. Anayesema vijana wa hapa hawapendi kusoma amesahau gazeti lile lilivyopita mikono ishirini kabla ya kwenda kufungia karanga. Na sasa simulizi zinasomwa kwenye simu usiku, sehemu baada ya sehemu, na watoto ambao mchana tunawaita wavivu wa kusoma.

Watetezi hujibu kwamba Kiswahili hakitampa mtoto Kiingereza cha mtihani. Ni jibu lenye nguvu, ila linafunga mlango mmoja ambao tayari ulishafunguliwa. Kuanzia 2008, Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa kutoka Kanada kupitia shirika la CODE na kuendeshwa hapa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto, iliwalipa waandishi Watanzania waandike riwaya za vijana kwa Kiingereza. Wachapishaji wa hapa wakazichapa, mfadhili akanunua nakala, shule zikagawiwa. Pesa ya msaada ilimlipa mwandishi, mhariri na mchapaji kabla ya kufika kwa mwanafunzi. Katoni ya bure kutoka ng'ambo haimlipi yeyote kati ya hao; hata hivyo nauli ya meli, bandari na lori hadi Nyamagana inalipwa na mtu, na fedha hiyo ingeweza kuingia duka la vitabu la hapa hapa. Nadhani mhisani mwenye nia njema akionyeshwa hesabu hiyo wengi wangebadilika. Shida yetu tumezoea kusema mwombaji hachagui, tukanyamaza.

Kwa hiyo nisingezikataa katoni. Ningeomba orodha ya majina kabla kontena halijafungwa, na ningeruhusu mwalimu wa Kiingereza akate hata nusu yake bila kuonekana hana adabu. Baadhi ya mashirika, kama Book Aid International la Uingereza, hutuma vitabu vipya badala ya vilivyochujwa maktabani, kwa hiyo anayesema haiwezekani kuchagua hana kisingizio.

Muda ndio unaonitia shaka zaidi. Watoto wa Fiji walikuwa na kipindi cha kusoma kila siku. Wa kwetu wana vipindi mpaka alasiri, usafi, jaribio la wiki, kisha mwendo wa kurudi nyumbani. Hata riwaya teule za mtihani wengi hawazifungui. Wanakariri vitini vya uchambuzi na wanafaulu. Mkuu wa shule asiyeweza kutenga dakika ishirini kwa siku, hata kwa kula kipande cha gwaride la asubuhi, aombe madawati badala ya riwaya.

Na kuna leja. Kitabu kikishaandikwa mali ya shule, kikipotea mtu anadaiwa, na mwalimu anayeazimisha anajitafutia deni. Mhisani anaweza kuliondoa hilo kwa sentensi moja kwenye barua ya makabidhiano: kwamba vitabu hivi vinatolewa ili vichakae mikononi mwa wanafunzi, na kwamba kila mwisho wa mwaka shule ina ruhusa ya kufuta vilivyopotea au kuchanika bila kumlipisha mtu. Ikigongwa muhuri na halmashauri, mwalimu wa zamu anaweza kufungua lile kabati Jumatatu.