Mjomba na Mbio za Nyali

Mjomba wangu ni fundi wa mabomba, mikono dhahabu lakini kizungu chake cha kuokoteza, na goti la kulia lamsumbua toka zamani. Juzi kapigiwa simu na bibi mmoja wa kiingereza huko Nyali, "my toilet is running". Mjomba akaziba simu na mkono akaninong'oneza, choo cha mama kimetoroka. Nikamwambia la mjomba, ni maji hayakatiki, hebu twende. Tukavuka feri, tukadandia matatu, huyoo.

Choo chenyewe kazi ndogo, floti imekwama tu. Mimi nikapanda juu kuangalia lile tangi kubwa, si mwajua maji ya Mombasa, yatoka Mzima huko Tsavo mpaka yafike kwetu yashachoka njiani, ukiyapata wayalinda kama mahari. Chini bibi akafungua bomba la uani maji ya kutu yatoke, akamwambia mjomba "just run it, five minutes", akaingia zake ndani.

Wallahi nikiwa juu ya paa namwona mjomba akunja suruali, avua ndara, aanza kuzunguka nyumba mbio huku achechemea, spana mkononi! Soja wa getini kuona mtu akimbia na spana akapuliza filimbi, mjomba naye kusikia filimbi akajua ndo ameambiwa aongeze mwendo, mbwa akaingia nyuma, soja nyuma ya mbwa. Mimi kule juu sina mbavu.

Bibi akatoka, "Why are you running?" Mjomba, pumzi juu juu: "Madam, two minutes more!"

Na bomba bado lamwaga, tangi likakauka. Bibi akashika kichwa, "the water has run out", mjomba akageuka kuangalia geti.

Nilipoeleza, bibi akacheka mpaka akakaa chini. Akamletea mjomba barafu ya goti, akatuambia wenye kamusi ya Oxford wamehesabu maana 645 za hiyo run ikiwa kitenzi peke yake, kuliko hata set iliyokuwa na 430 kwenye toleo la 1989. Nikamtafsiria mjomba. Akanyamaza kidogo. "645? Na zote hizo akaona anipige na ile ya magoti?"

Maji bibi alinunua ya mkokoteni. Mjomba akaandika risiti: floti 1,500, mbio 500. Akalipwa zote.